Mpiga Ngoma Aliyesikia kwa Nyayo

Kwenye bendi walimwita Saa, na jina hilo hakulipata kwa kuwahi mazoezini, maana kuwahi hakuwahi hata siku moja. Alilipata kwa sababu akishakaa nyuma ya ngoma zake na kuanza kupiga, ungeweza kurekebisha saa yako ya mkononi kwa kufuata mguu wake wa kulia. Waimbaji walibadilika, wapiga tarumbeta walikuja na kuondoka, mpiga kinanda mmoja alihamia bendi nyingine na kinanda chenyewe akaenda nacho, lakini mguu wa Saa ulikuwa palepale.

Siku za kazi alikuwa mfumaji katika kiwanda cha magunia. Miaka ishirini na miwili alisimama katikati ya mitambo minne ya kufuma, kila mmoja ukitoa kelele kama mabati yanayokokotwa barabarani. Humo ndani watu hawakusemezana kwa sauti, walisomana midomo. Mfumaji mzoefu aliweza kukusengenya akiwa upande wa pili wa ukumbi, mwenzake akacheka, na wewe uliye katikati yao usiambulie neno. Saa alikuwa bingwa wa hayo. Ubingwa huo ndio uliomsaidia baadaye kuficha jambo ambalo hakupaswa kulificha.

Ngoma alizirithi kwa mumewe. Marehemu alikuwa mpigaji wa bendi hiyohiyo, akaondoka kwa homa ya siku nne, akamwachia binti mmoja na chumba kilichojaa ngoma. Miezi mitatu baada ya mazishi alikuja mdogo wa marehemu, fundi wa majokofu, mrefu kama mlingoti, ambaye jioni alipiga gitaa la besi.

"Shemeji, nimekuja kuchukua ngoma," alisema akiwa mlangoni. "Tumepata mpigaji."

"Mzuri?"

"Anapiga sana."

"Sijakuuliza kama anapiga sana."

Saa akaketi kwenye kigoda cha mumewe, akashika fimbo. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amezisikia ngoma zile kutoka jikoni; alizijua kama mtu anavyojua hatua za wa nyumbani kwake. Alipiga dakika mbili hivi, bila madoido, kisha akanyamaza. Shemeji alitoka. Baada ya nusu saa alirudi, si na mkokoteni wa kubebea ngoma, bali na gitaa lake.

Yeye ndiye aliyemfundisha. "Kuna muziki ambao wimbo ndiye mwenye nyumba, mdundo ni mgeni tu aliyekaribishwa," alimwambia. "Huku kwetu kwenye fanki na souli, mdundo ndiye mwenye nyumba. Kila chombo ni ngoma. Gitaa la kiongozi wetu ni ngoma yenye nyuzi, linakwaruza tu. Tarumbeta zinabweka, zinanyamaza. Hata mwimbaji, ukimsikiliza vizuri, anapiga ngoma kwa mdomo. Na wote hao wana kwao, na kwao ni pigo la kwanza. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Huko katikati fanya utakalo, potea, cheza, nyamaza, lakini ikifika moja uwe umeshafika nyumbani. Mimi na wewe ndio wenye ufunguo. Tusipofika pamoja, wenzetu watakuta mlango umefungwa."

Saa aliyashika maneno hayo. Alijifunza kutojaza nafasi kwa sababu tu ipo, kuacha pigo la nne likining'inia mpaka wachezaji wainue goti bila kujua wameinuliwa na nini. Watu walikuja kumsikiliza mwimbaji, wakaondoka wakiimba besi.

Kisha masikio yakaanza kumtoka, kidogokidogo, kama maji kwenye ndoo yenye ufa.

Matoazi ndiyo yaliyotangulia. Alikuwa akiyagonga, anayaona yakitikisika, lakini ule mlio wake mkali haumfikii. Akadhani yamechoka, akabadilisha. Mapya nayo yakawa bubu. Baadaye zikaondoka herufi, s na f na ch, mpaka maneno ya watu yakawa kama mkate ulioliwa na panya. Kiwandani hakuna aliyegundua, kwani kule viziwi na wasio viziwi walikuwa sawa. Nyumbani bintiye alisema, "Mama, simu yako inaita tangu nimeingia," akadhani ni ukaidi wa kuzeeka. Kwenye bendi alijipanga. Alianza kupiga pekupeku, akidai viatu vinambana. Akasogeza kigoda chake ubavuni mwa spika kubwa ya Shemeji. Besi ikawa inampanda kwa nyayo, inapita kwenye mifupa ya kukalia, inafika kifuani, naye akaifuata huko. Kumfuata mwimbaji alitumia macho, akiangalia jinsi mabega yake yalivyopanda kabla ya kuvuta pumzi.

Angeweza kusema. Aliogopa. Kiongozi wa bendi, mpiga gitaa waliyemwita Mwalimu kwa kuwa kweli alikuwa mwalimu wa hesabu, aliwahi kumfukuza mpiga tarumbeta kwa kuchelewa nusu pigo mara mbili katika wimbo mmoja. Tena kiwandani Saa alikuwa namba ya zamu, na nyumbani alikuwa mama wa mtu. Pale nyuma ya ngoma tu ndipo alipokuwa yeye.

Akaficha kwa miaka mitatu. Kisha kituo cha redio kikawaalika kupiga mubashara, Jumamosi saa nne asubuhi, nyimbo tatu.

Saa alijua mambo yameharibika alipoingiza mguu studioni. Zulia lilikuwa nene kama godoro. Kuta zimevishwa sponji. Ngoma zilikuwa zimepangwa ndani ya chumba kidogo cha kioo, peke yake, na wenzake walikuwa upande wa pili.

"Spika ya besi itakaa wapi?" alimuuliza fundi mitambo, mwanamume mpole aliyeshika kikombe cha kahawa iliyokwisha kupoa.

Saa alimtazama mdomo alipojibu. "Hatuna haja ya spika, mama. Gitaa linaingia moja kwa moja kwenye mtambo. Wewe utalisikia kwenye hedfoni."

"Nimezoea spika."

"Ikilia humu itaingia kwenye maikrofoni zote. Usijali, nitakuongezea sauti."

Saa alivaa hedfoni. Kilichomfikia kilikuwa kama mtu anayezungumza chini ya blanketi katika nyumba ya jirani. Akaomba aongezewe. Akaongezewa. Aliyekuwa chini ya blanketi sasa alikuwa anapiga kelele, lakini bado hakusema kitu. Alikanyaga zulia kwa nyayo tupu akatafuta sakafu. Sakafu haikuwepo. Juu ya mlango taa nyekundu ilikuwa bado imezimwa. Saa ya ukutani ilionyesha dakika nne kabla. Upande wa pili wa kioo Mwalimu alikuwa anafuta nyuzi zake kwa kitambaa, na Shemeji alimpungia mkono. Bado alikuwa na nafasi ya kusema. Dakika nne zilikwisha akiwa anazihesabu.

Wimbo wa kwanza aliuanzisha yeye kwa kugonga fimbo nne, na palipo na mwanzo wake mwenyewe hakuhofu. Alipiga kwa kumbukumbu na kwa macho: mkono wa Mwalimu ukikwaruza juu chini, vidole vya Shemeji, mabega ya Kasuku. Huyo Kasuku ndiye mwimbaji wao, msusi kwa kazi, aliyeitwa hivyo kwa kuongea kwake. Mambo yalikwenda. Kijasho kikaanza kukauka.

Lakini wimbo ule ulikuwa na kituo. Vyombo vyote vinanyamaza ghafla, Kasuku anabaki peke yake hewani, anavuta neno atakavyo, kisha wote wanarudi pamoja kwenye moja. Jinsi atakavyovuta hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Kila mara Shemeji alikuwa anatelezesha kidole juu ya uzi mnene kabla ya kurudi, na mtelezo huo ndio uliokuwa ukimpanda Saa miguuni na kumwambia, sasa.

Walinyamaza. Saa akangoja. Nyayo zake hazikumwambia kitu. Kasuku alikuwa amegeukia maikrofoni na kumpa kisogo. Shemeji alikuwa anamtazama Mwalimu. Saa alihesabu moyoni, akaona imetosha, akashusha mguu na fimbo pamoja.

Alimkanyaga Kasuku katikati ya neno.

Kupitia kioo aliona vichwa vyote vikiinuka kwa pamoja. Wapiga tarumbeta walikuwa kama watu wanaoshuka ngazi gizani wakakuta ngazi imekwisha mapema. Shemeji ndiye aliyewaokoa: aliruka kwenye pigo la Saa papo hapo, akalichukua kana kwamba ndilo lililokusudiwa, na kwa kuwa besi na ngoma zilikuwa pamoja, wengine hawakuwa na pa kwenda ila kufuata. Msikilizaji nyumbani pengine aliona ni mbwembwe. Mwalimu hakuona mbwembwe.

Wimbo wa pili ulikuwa wa taratibu. Watu hudhani wimbo wa taratibu ni mapumziko kwa mpiga ngoma. La. Penye mwendo wa haraka mapigo yanashikana mikono, ukiteleza utadakwa na linalofuata. Penye taratibu kila pigo limesimama peke yake kama mtu kwenye kiwanja kitupu, na ukilichelewesha kidogo tu kila mtu anakuona. Saa alianza kuvuta nyuma. Hakujua. Alichojua ni kwamba taya la Mwalimu lilikuwa limekaza na mguu wake unagonga zulia kwa nguvu, kama mtu anayempiga punda aliyegoma. Mgongo wa Saa ulilowa. Fimbo ilitaka kumtoka mkononi. Alimaliza kwa kukodolea kiatu cha Mwalimu, pigo kwa pigo, mpaka taa nyekundu ikazimika.

Matangazo yalikuwa ya dakika sita. Mwalimu aliingia kwenye chumba cha kioo, akageuka kufunga mlango, na alikuwa anasema huku mgongo umeelekea kwa Saa. Saa alipata mkia tu wa neno wakati anageuka.

"... umekunywa?"

"Nitakunywa baadaye, asante," alijibu Saa.

Mwalimu aliona anavyomtazama mdomo. Alikuwa amefundisha watoto miaka ishirini na mitano. Alikwisha kuwaona wale wanaogombania dawati la mbele na kumkodolea mwalimu mdomo badala ya ubao. Akageuka tena kukabili mlango, akakaa hivyo sekunde chache, kisha akarudisha uso.

"Nimesema nini?"

"Hujasema kitu."

"Nimesema wimbo wa mwisho tunaufuta, na nimesema mara mbili."

Saa akaweka fimbo mapajani.

"Tangu lini?" aliuliza Mwalimu, safari hii taratibu, akiachanisha midomo.

"Huu ni mwaka wa tatu."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na gitaa begani. Saa hakumsikia akiingia, lakini aliuona uso wake, na ulikuwa uso ambao hakuwa amejiandaa kuukuta. Alikuwa ametegemea huruma au hasira. Hii haikuwa mojawapo.

"Miaka mitatu," alisema Shemeji. "Miaka mitatu nakuita ukiwa umenipa mgongo, hugeuki. Nilijua umeninunia. Nimemuuliza mke wangu, nimemuuliza binti yako, nilimkosea nini shemeji yangu."

"Hayo mtazungumza nyumbani," alisema Mwalimu. "Tumebakiwa na dakika tatu na nusu. Fundi ana mashine ya midundo humu. Tutamalizia nayo."

"Mashine haimsubiri Kasuku," alisema Shemeji.

"Na yeye je? Amemsubiri?"

Saa alijua Mwalimu alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alianza kuinuka kwenye kigoda. Shemeji alimshika bega, akamkalisha, akajiweka mbele yake ili amwone mdomo.

"Siku zote ulikuwa unanipataje?"

"Kwa miguu. Kwa hapa," alisema Saa, akapiga kigoda.

Shemeji hakuuliza la pili. Alipiga goti, akashika pembe ya zulia, akalivuta. Chini yake kulikuwa na mbao. Fundi mitambo alitokea akitaka kusema kitu, akaona nyuso zao, akaweka kikombe chini na kushika pembe ya pili. Wakalikunja mpaka kwenye kigoda. Kisha Shemeji akaburuta waya wa gitaa lake hadi ndani, akaketi juu ya kasha la tarumbeta nyuma ya Saa, mgongo kwa mgongo, na kukikandamiza kitako cha gitaa, kando ya nyonga yake, kwenye ubao wa kigoda. Akauvuta uzi mnene mara moja.

Kitu kilipita kwenye mfupa wa Saa. Kilikuwa chembamba, kama mnong'ono, lakini kilikuwa cha kweli.

"Umepata?" aliuliza Mwalimu.

Saa akatikisa kichwa kukubali.

"Ukikosea, nakata wimbo palepale, hewani. Bora aibu ya wimbo uliokatika kuliko ya wimbo uliopotea."

Taa ikawaka.

Ulikuwa ndio wimbo wao mkali kuliko zote, mfupi wa maneno, umejengwa juu ya mapigo matano ya besi yanayojirudia. Saa hakuwa tena na mtu wa kumtazama. Shemeji alikuwa mgongoni kwake, na hakutaka kuangalia kioo. Akafumba macho. Mnong'ono ulimjia, ukaondoka, ukamjia. Mara mbili ulimpotea, naye akaacha kupiga chochote kile isipokuwa moja, akiacha fimbo zining'inie, mpaka ulipomrudia. Kwa kuwa alipunguza, na Shemeji akapunguza. Akaacha pigo la tatu, Shemeji akaliacha. Nafasi ikafunguka katikati ya wimbo, pana kuliko walivyowahi kuiacha, na ndani yake gitaa la Mwalimu likaanza kukwaruza vile lilivyokuwa halijawahi kukwaruza, kavu, dogo, kali.

Kikaja kituo.

Vyombo vyote vikanyamaza. Kasuku alibaki na neno lake. Saa alikaa na mkono juu, macho kafumba, na ulimwengu mzima ulikuwa kimya kwake kuanzia kichwani hadi nyayoni. Alihisi imetosha. Hakushusha. Alihisi imepita, kwamba wenzake wamesharudi na yeye amebaki amenyanyua mkono kama sanamu, hewani, mbele ya mji mzima. Hakushusha. Mgongo wa Shemeji ulikuwa umeegemea wake, na alihisi anavyopumua, na pumzi ile haikuwa na haraka.

Kisha mtelezo ukapita kwenye ubao.

Alishusha mguu na fimbo. Mbao zikampiga nyayo kutoka chini kwa nguvu ya watu wote waliokuwa upande wa pili, na hakuhitaji kufumbua macho.

Baadaye Kasuku alimwambia kuwa alilivuta neno lile makusudi, muda mrefu kuliko siku zote, kwa kisasi cha wimbo wa kwanza. Hakuwa ameambiwa lolote. Alipoambiwa alilia, kisha akaongea juu ya jambo hilo wiki nzima.

Kesho yake Saa alikwenda kwenye karakana ya majokofu, akasimama mbele ya Shemeji aliyekuwa amechuchumaa na bisibisi mkononi.

"Niliogopa," alisema. "Nilijua wewe ukijua, itakuwa kweli."

Shemeji alikaza skrubu mbili kabla ya kuinua uso. "Mke wangu alisema pengine gego la mwisho linakuuma. Mimi nikasema hapana, huyu kanuna." Akafuta mikono. "Nimeumia, shemeji. Nitapoa, lakini si leo."

Hospitali walimpima na kumwambia mishipa ya sikio imekwisha, na kilichokwenda hakirudi. Walimpa vifaa vya masikioni vilivyomsaidia mazungumzo ya mezani lakini kwenye ngoma vilimpigia miluzi, akawa anavivua. Kiwandani walimhamishia chumba cha kukunja magunia, mbali na mitambo, na wafumaji wengine wawili walipojua, nao walikwenda kupimwa.

Mwalimu hakumwita kwa miezi miwili. Alijaribu mpigaji mwingine, yule yule anayepiga sana. Siku moja jioni alifika nyumbani kwa Saa, akakataa kuketi, akasema amesikiliza kanda ya redio mara nyingi kuliko anavyotaka kukiri. "Nyimbo mbili za kwanza sitaki kuzisikia tena," alisema. "Ule wa tatu nimeshindwa kuelewa mlifanya nini. Njoo tuelewe."

Seremala aliwachongea jukwaa la mbao, spika ya besi ikafungwa kwa chini, na Saa akaketi juu yake. Matoazi aliyaondoa yote, kwa kuwa hakuona maana ya kupiga asichokisikia. Pale juu palipobaki wazi Mwalimu alipajaza kwa kukwaruza, tarumbeta zikajifunza kubweka kwa kifupi zaidi, na bendi ikapata sauti kavu, ya chini, yenye mashimo, ambayo watu walianza kuitambua hata kabla Kasuku hajafungua mdomo. Nyimbo tatu za zamani zilizokuwa na vituo vigumu waliziacha moja kwa moja. Nyingine Saa alizikosea, mara chache, na Mwalimu alimkaripia kama anavyomkaripia mtu mwingine yeyote, ila siku hizi alihakikisha kwanza kuwa amemkabili.

Alipiga hivyo miaka saba, mpaka goti lilipomkatalia. Katika mwaka wa tano alikuja mpigaji wa bendi nyingine, mwanamume mzima mwenye sifa zake, akamuuliza kwa heshima siri ya kupiga bila matoazi.

"Siyasikii," alimjibu Saa.

Yule bwana alitafakari, akatikisa kichwa kama aliyepewa hekima, na wiki iliyofuata akapanda jukwaani bila matoazi. Shemeji alitaka kumfuata amweleze. Saa alimshika mkono, akasema mwache kwanza, tusikilize anavyopiga.